Mzunguko wa Ishirini na Sita

Kisanduku kimefika saa tano, barafu imeshakuwa maji.
Saisi amekipakata tangu Ibra kama mtoto mwenye homa.
Dilmurad, Mbulushi, hana mengi ya kusema.
Ndani, vijiti saba vya pamba, kila kimoja na kichupa chake,
na karatasi ya daktari yenye doa la kahawa:
farasi jike wanne, dume mmoja.
Sababu ya kupima: hawashiki mimba.

Chini yake mwenye mali ameongeza kwa wino mwekundu:
*Wadha ndiye aliyeleta. Tasa huyo. Mpimeni wa kwanza.*

Neno hilo nalijua uzito.
Bibi yangu Shinuna alishuka nalo Matrah
akitokea Wete, pamoja na sanduku na talaka moja.
Mwaka wa pili akamzaa baba yangu,
halafu wengine watano, wote wenye sauti kubwa.
Mumewe wa kwanza alioa mara tatu zaidi,
nyumba yake ikabaki kimya vilevile,
na hakuna aliyewahi kumpima yeye.

Lakini mimi hapa nalipwa kupima, si kukumbuka.
Navaa glavu.

Zamani tungekiotesha kijidudu hiki
juu ya damu iliyopikwa, kwenye hewa nzito, siku saba,
pengine kumi na nne, nacho kinadeka:
wenzake wa kinyesi na vumbi hula sahani nzima
kabla hakijaamka.
Siku hizi hatungoji kiamke.
Tunakivunja, tunatoa uzi wake wa nasaba,
tunautia vianzio viwili, herufi ishirini ishirini,
wanaolijua neno moja tu la kitabu kizima
na hawababaiki na mengine.
Nyuzi joto tisini na tano, uzi unaachana.
Sitini, vianzio vinashika.
Tena. Tena. Mara arubaini,
na kila mara kilichokuwepo kinakuwa maradufu.
Kisichokuwepo, hata ukizidishe vipi, ni kile kile.

Lisemwalo lipo, husema watu.
Haya. Lipo wapi?

Dilmurad ameketi kwenye ngazi, anamenya chungwa.
Kwenye kioo mistari imelala kama jangwa la Sharqiya
likitazamwa kutoka kwenye ndege.
Kichupa cha maji matupu: kimelala, ndivyo ninavyotaka.
Mzunguko wa ishirini na sita
mstari mmoja unanyanyua kichwa.

Nasoma namba. Nasoma tena.
Ni dume. Ni Sarukh,
yule anayeng'arishwa kwa mafuta kabla ya mashindano,
ambaye mbegu yake ina bei kuliko gari langu.
Hana usaha, hana homa, hana hata kikohozi.
Dume hubeba bila kujua, na haumwi abebacho.
Nyuma yake wanapanda majike wawili, polepole,
ishirini na tisa, thelathini na moja.

Wadha amelala chini mpaka arubaini.
Nimemrudia mara mbili. Amelala.

Kanuni hainiruhusu kuandika *hana*.
Niandike *haikuonekana*,
na wiki ijayo waniletee vijiti vingine, na baada yake vingine,
maana kijidudu hujua kujificha kwenye mikunjo.
Naandika *haikuonekana*.
Sijawahi kuliandika neno kwa raha hivi.

Mwenye mali, kwenye simu, kwanza ananyamaza.
Nasikia televisheni yake. Kisha: "Rudieni."
Nimesharudia, bwana.
"Basi mashine yenu mbovu." Akakata.

Dilmurad anauliza swali moja tu:
dume watamuua?
Hapana. Ataoshwa siku tano kwa sabuni ya dawa, apakwe marhamu,
apumzishwe, apimwe upya.
Anacheka, mara ya kwanza leo.
"Nitamwosha mimi. Hapendi maji baridi."
Halafu, akiwa mlangoni, bila kunitazama:
"Na ile karatasi yenye wino mwekundu,
unaiweka, au naweza kwenda nayo?"

Nikamtolea nakala ya majibu, muhuri juu yake.
Ile nyingine nikaibakiza.
Akajaza barafu mpya kwenye kisanduku kitupu,
ingawa hakikuwa na cha kupooza.